Kubuni Si Kupika

Hadithi yangu ya kwanza kupata alama zote sikuiandika kwenye daftari la Kiswahili. Niliiandika maabara, nikiwa Kidato cha Nne, kwenye karatasi ya fizikia, na ticha akaipigia tiki nyekundu kubwa kama mundu.

Mambo yalikuwa hivi. Tulipewa uzi wa sentimita 50, gololi ya chuma yenye kishikizo, na saa moja ya kuhesabia sekunde ambayo tuliigombea makundi manne. Kazi ni kuining'iniza gololi, kuiachia ibembee mara 20, kuandika sekunde, kisha kutafuta ile herufi g, yaani jinsi mwendo wa kitu kinachoanguka unavyoongezeka kila sekunde. Kitabu kinasema 9.8. Sisi tulipima mara tatu, na mara zote tatu ikaja sekunde 28.6. Tukapiga hesabu, ikaangukia 9.6 na kitu.

"Mwanangu, hiyo itatuua," akasema mshikaji mmoja. "Rudi nyuma. Anza na 9.8, uje mpaka kwenye sekunde."

Tukarudi nyuma. Jibu la kitabu likatuambia tulipaswa kupata 28.4. Basi tukafuta 28.6 zetu. Lakini tukaona tukiandika 28.4 mara tatu ticha atashtuka, kwa hiyo tukaweka 28.3, halafu 28.5, halafu 28.4, ili ifanane na kazi ya mikono ya watu. Wasomaji mnaotaka kuwa waandishi, mmeona? Huo ndio ufundi tunaohangaika nao kila siku, kutia dosari kidogo ili la uongo lifanane na la kweli. Tukapata kumi juu ya kumi. Kundi la jirani, ambalo liliandika namba zake kama zilivyokuja, likapata nne.

Siku ile nilijifunza fizikia gani? Sikujifunza hata chembe. Nilijifunza kwamba katika sayansi jibu linatangulia, na kazi ya mwanafunzi ni kulitengenezea ushahidi. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Nasema kwamba shule zetu hazikutufundisha kubuni. Zilitufundisha kupika. Na sisi watu wa kalamu, tunaojigamba kuwa ubunifu ni mali yetu, tumekaa pembeni tunacheka.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Hadithi isiyotokea tunaiita hadithi ya kubuni. Fundi akitengeneza mashine ambayo haikuwahi kuwepo, tunasema amebuni mashine. Neno ni hilo moja. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona sababu ya kumpa mtunzi kitenzi chake na fundi chake. Aliyetenganisha ni ratiba ya shule. Kidato cha Tatu kinafika, majina yanabandikwa ukutani, hawa mchepuo wa sayansi, hawa wa sanaa. Wa kwanza wanaambiwa wao ni vichwa, wasahau riwaya. Wa pili wanaambiwa, kwa maneno ya adabu au bila adabu, kwamba wameshindwa hesabu, kwa hiyo wakatafute maneno. Kama vile maneno ni jalala la walioshindwa!

Nianze na sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule. Nendeni kwenye kijiwe chochote cha waandishi vijana. Mtu atasoma hadithi yake, watu watapiga makofi, kisha atasema, "Mimi na hesabu, jamani, paka na panya." Kicheko nyumba nzima. Na mimi nilicheka mara nyingi. Siku hizi nikisikia hivyo nasikia aibu. Hakuna anayesimama kijiweni akajigamba kwamba hajui kusoma. Kwa nini basi kutojua hesabu kuwe pambo? Mwaka 2022, katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, kati ya kila watahiniwa watano wa hisabati ni mmoja hivi tu aliyefaulu. Huo ni msiba wa kitaifa. Tukiuchekea tunawasaidia waliouleta.

Na tena si kweli kwamba hatujui hesabu. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani 8. Zidisha, unapata 32. Ubeti wa shairi la tarbia una mistari minne, kila mmoja mizani 16. Zidisha, unapata 64. Sasa nenda chini ya mwembe walipo wazee wanacheza bao la Kiswahili. Mashimo ni safu nne za mashimo manane, 32. Kete zote ni 64. Sisemi kuna siri imefichwa hapo, msije mkanizulia. Nasema tu kwamba mtunzi anayebadilisha neno mara sita ili kina kikae na mizani isizidi, na mzee anayeishika kete mkononi akaona kichwani itakakoishia baada ya kuzunguka ubao, wote wawili wanafanya kazi ya hesabu. Wanajaribu, wanaona haikai, wanarudi, wanajaribu njia nyingine. Hakuna aliyewaita wanahesabu kwa sababu hawakuvaa tai.

Yupo mshairi tunayempenda sana, Omar Khayyam wa Nishapur, Uajemi, aliyezaliwa mwaka 1048. Shaaban Robert alimleta kwetu kwa Kiswahili kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Wengi tunamjua kwa divai na kwa kulilia maisha yanavyopita upesi. Nani alituambia shuleni kwamba bwana huyo aliandika kitabu cha aljebra? Alikuwa akitafuta majibu ya milinganyo ya kipeo cha tatu, na kwa kuwa njia ya herufi haikuwa imepatikana, akaichora. Anachora duara, anachora mkunjo mwingine uitwao parabola, na pale mistari inapokatana ndipo jibu lilipojificha. Mwaka 1079 alikuwa miongoni mwa wanafalaki waliotengeneza kalenda mpya ya Uajemi. Mtu mmoja, kichwa kimoja. Angekuwa skonga kwetu angeambiwa achague mchepuo.

Mtasema huyo ni wa zamani na wa mbali. Haya, njooni nyumbani. Njooni Lushoto.

Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba. Wavulana wa pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unanunua maziwa kwa akina mama wa jirani, unayachemsha na sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ni chache, watoto ni wengi. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anawahi nafasi kwa kuweka maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa chombo cha mwisho, kwa hiyo akayaingiza ya moto vile vile, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu wakarudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezi kutokea. Kijana akaamini, kwani mwalimu ni mwalimu. Lakini likizo moja, Tanga mjini, akakutana na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu, naye akamwambia kwamba hata yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Hapo swali likaota mizizi.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, mada ya joto ikaja, akauliza tena. Jibu likawa lile lile, kwamba amechanganyikiwa. Alipobisha, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka. Akikosea logarithimu, hiyo ni hesabu ya Mpemba. Akikosea lolote, ni la Mpemba. Fikirini, vijana wenzangu, kuwa jina lako ndilo neno la darasa zima kwa kila kosa.

Hakunyamaza. Alikuta maabara ya bayolojia iko wazi mchana mmoja, akachukua vikombe viwili vya kioo, kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akaviweka kwenye friza. Baada ya saa moja cha maji ya moto kilikuwa na barafu zaidi. Kisha akaja mgeni shuleni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya watu akamuuliza swali lake. Wenzake wakaona amewaaibisha. Mgeni akatabasamu, akamtaka arudie, akamuuliza kama kweli amejaribu kwa mikono yake. Aliposikia ndiyo, akakiri kwamba hajui, na akaahidi kwenda kulijaribu Dar.

Hapo ndipo pananichoma mimi binafsi. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ile. Fundi akarudi na habari kwamba ni kweli, maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi! Jamani, ni sisi wale na 28.4 zetu. Fundi yule hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa vizuri sana, kwa namna ile ile tuliyofundishwa sisi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba dunia nzima. Jina lile la kejeli likawa jina la swali. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameshaingia chuo cha wanyamapori Mweka, na huko kwenye wanyamapori ndiko kazi yake ilikokuwa. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri sababu yake, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba athari hiyo ipo, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukudanganya. Wengine wanaendelea kubishana nao.

Kwa hiyo Mpemba alikosea? Anayeuliza hivyo hajaelewa hata nusu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watu wazima wenye maabara za mamilioni bado wanapima na kubishana juu ya swali la mvulana aliyekuwa anagombea nafasi ya friza. Swali lililo hai namna hiyo hulijibu kwa kusema umechanganyikiwa. Walimu wale walikuwa na haki ya kusema sidhani. Hawakuwa na haki ya kukataa kutazama.

Tena kuna kisa kingine, nacho kinarudi kwenye ule uzi wetu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, kutazama nyota. Alibeba saa ya pendulamu, ile yenye kijiwe kinachobembea, iliyokwenda sawasawa Paris. Alipofika kule ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Angeweza kupika. Angeweza kusema saa imeharibika baharini, au mimi nimehesabu vibaya, akaandika namba za Paris. Hakufanya hivyo. Alipima kwa miezi, akakuta ili saa ikae sawa inabidi kuifupisha pendulamu karibu milimita 3, akaandika hivyo. Newton akaichukua namba ile katika kitabu chake cha mwaka 1687 na kuitumia kama ushahidi kwamba dunia si mpira kamili. Imebonyea kwenye ncha na kutuna kwenye Ikweta, na kwenye Ikweta vitu vinavutwa kidogo pungufu. Umbo la dunia lilikuwa limejificha ndani ya namba "mbovu", na mtu mmoja hakuifuta.

Sasa tazameni. Sisi tuko jirani na Ikweta. Dar es Salaam ile g ni 9.78. Paris ni 9.81. Vitabu vyetu vinasema 9.8 kwa wote. Kwa uzi wa shule na saa ya kugombea usingeweza kuona tofauti ndogo hivyo, nakubali. Lakini nani alituambia kwamba ipo? Nani alituambia kwamba Tandika na Paris hazivutwi sawa? Kama ningeambiwa hilo nikiwa na miaka 16, wallahi nisingelala.

Najua watakaonijibu. Watasema, kijana, sayansi si ushairi, mbili na mbili ni nne, huwezi kubuni. Nani amesema ubuni tano? Mbunifu wa hadithi anaweza kumfufua marehemu ukurasa wa mwisho na hakuna wa kumzuia. Mbunifu wa sayansi akishabuni wazo lake anakwenda kuliuliza friza, na friza haina upendeleo. Ubunifu wa sayansi una nidhamu kali kuliko wetu. Ndiyo maana unastahili kufundishwa, siyo kuogopwa.

Watasema pia lazima kukariri. Sawa! Mimi sipingani na jedwali la kuzidisha. Mtunzi asiyejua vina na mizani si mbunifu, ni mvivu. Mpemba aliweza kubisha juu ya joto kwa sababu alikuwa amesoma joto. Ninachokataa ni kukariri kuwe mwanzo na mwisho wa safari, mwanafunzi aijaze ghala miaka minne bila kupikia hata chungu kimoja cha ugali.

Watasema walimu wamezidiwa. Hilo nalikubali bila ubishi. Darasani kwetu tulikuwa 87, maabara ina meza sita, na ticha yule aliyetupa kumi alikuwa na madaftari mengine mia mbili ya kusahihisha usiku ule. Simlaumu yeye peke yake. Mitaala yetu ya sekondari inaimba umahiri tangu mwaka 2005. Maneno matamu. Lakini mwanafunzi husoma mtihani, hasomi mtaala, na mtihani ukimlipa mpishi kumi na msema kweli nne, kila mtoto mwenye akili atapika. Halafu tushangae wakikua wanapika takwimu maofisini?

Na msiniambie hakuna fedha. Uzi ni shilingi ngapi? Mpemba alianza na maziwa. Ninachodai hakihitaji mkopo wa nje. Mwanafunzi akileta namba isiyofanana na ya kitabu, apewe alama kwa kuiandika kama ilivyo, na alama zaidi akieleza kwa nini anadhani imetofautiana. Na kila kipindi mtoto mmoja aruhusiwe kuuliza swali ambalo ticha hana jibu lake, na ticha aruhusiwe kusema sijui, twende tukajaribu, bila kuonekana hafai. Basi.

Na sisi waandishi tunadaiwa pia. Riwaya zetu zimejaa wapenzi, wachawi na wanasiasa. Yuko wapi msichana anayepima kivuli cha mnazi ajue urefu wake? Yuko wapi kijana wa gereji anayebishana na mhandisi, na yeye ndiye mwenye haki? Tusipowaandika, watoto wataendelea kudhani sayansi ni watu wazungu waliokufa.

Nimalizie deni langu. Mwaka jana nilifunga nati ya baiskeli kwenye uzi, nikaining'iniza mlangoni kwetu. Nilitaka kujua zile 28.6 zilitoka wapi. Nikasoma, nikapima, nikagundua. Urefu wa pendulamu hupimwa mpaka katikati ya kijiwe, na sisi tulipima mpaka kwenye fundo. Tuliacha milimita 7, nusu ya unene wa gololi. Ukizirudisha hizo milimita 7, zile 28.6 zetu zinakupa 9.79, karibu kabisa na namba ya Dar es Salaam. Saa haikukosea, mikono yetu haikukosea. Tulikuwa na ukweli kwenye karatasi, pamoja na somo zima la kwa nini haukuonekana, tukaufuta kwa raba ili tupate kumi.

Nikiwa pale mlangoni mtoto wa jirani, wa darasa la nne, akasimama kutazama. "Kaka, ukifunga nati mbili itaenda haraka?" Mdomo wangu ulishafunguka kumwambia atasoma hayo akifika sekondari. Nikaufunga. Nikaingia ndani nikamletea nati ya pili.